Saa 200 za kuruka, sifuri ya kazi: rubani wetu mchanga aende wapi?



Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, tuliitwa nyumbani kwa dada yangu, Kisauni. Haikuwa posa wala matanga. Kikao kilihusu ujumbe mmoja uliokuwa kwenye simu ya mpwa wangu. Kijana huyu ana leseni ya urubani wa biashara, huu ni mwaka wa pili. Katika daftari lake la safari ana saa 214 za kuruka. Kazi hana. Ujumbe ulitoka kwa wakala ambaye hatumjui, akimwahidi kiti cha rubani msaidizi katika shirika moja la ndege huko Ghuba, mradi atume dola 3,500 za "kuandaa makaratasi" kabla ya mwisho wa mwezi.

Dola 3,500 ni kama shilingi laki nne na nusu. Shamba la Takaungu lilikwisha kuuzwa kulipia shule. Dada yangu alikuwa amempata sonara wa kununua bangili zake za dhahabu. Alichotaka kwetu ni neno moja tu: auze au asiuze?

Nilimuuliza kijana mwenyewe anaonaje. Akanijibu, "Mjomba, mimi nimechoka kuulizwa msikitini ninaruka lini."

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu nyumba ile si ya peke yake. Tangu siku ile nimeambiwa habari za vijana wengine watatu wa hapa hapa pwani walio katika hali hiyo hiyo. Sare imepigwa pasi, inaning'inia kabatini, na rubani anauza duka la binamu yake. Kosa, kwa maoni yangu, haliko kwa vijana. Sisi familia tunanunua nusu ya kwanza ya safari kwa pesa zote tulizo nazo, na nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, hatuiwekei hata senti. Kisha tunamwelekeza kijana kwenye milango mikubwa ya Dubai na London, ilhali mlango wa kwanza wa rubani mchanga uko kwingine kabisa.

Uhaba upo, lakini si wa huyu

Kila mwaka tunasoma kwamba dunia inakosa marubani. Mwaka 2024 kampuni ya Boeing ilitabiri kwamba katika miaka 20 ijayo dunia itahitaji marubani wapya 674,000. Takwimu za namna hii hupendwa sana na wanaouza masomo ya urubani, na mzazi akizisikia husema moyoni: katika laki sita na zaidi, mwanangu hatakosa nafasi yake.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi huyu haambiwi. La kwanza, aliyetoa utabiri huo ndiye anayeuza ndege. Sisemi amedanganya, lakini muuza samaki hakwambii kuwa leo si siku ya kula samaki. La pili, na ndilo kubwa, shirika linapolia kuwa halina marubani, aghalabu linalilia makapteni na marubani waliokwisha kuzoea ndege kubwa. Rubani wa saa 200 hakosekani. Shule za urubani, kuanzia uwanja wa Wilson jijini Nairobi hadi Florida kule Marekani, zinawatoa mwaka mzima. Basi kuna foleni ndefu mlangoni na viti vitupu huko mbele, na ngazi ya kutoka hapa hadi pale ni nyembamba mno.

Sisi watu wa pwani tusingehitaji kuelezwa sana jambo hili. Nahodha wa jahazi hakupewa usukani kwa sababu alisomea. Alianza ngamani akifua maji, akapanda akawa baharia, akajua pepo na miamba, kisha ndipo akaaminiwa chombo cha watu. Na mabaharia wetu wa leo wanaohitimu mafunzo Mombasa wanaijua shida hiyo hiyo: cheti unacho, lakini meli inataka mtu aliyekwisha kukaa baharini, na huwezi kukaa baharini mpaka meli ikuchukue.

Mbona saa 1,500?

Kiwango cha kimataifa cha leseni ya urubani wa biashara ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya rubani wa mashirika ya abiria anayeweza kuwa kapteni wa ndege kubwa, inahitaji saa 1,500. Kati ya nambari hizi mbili ndipo vijana wetu wanapozama.

Marekani walikwenda mbele zaidi. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, watu 50 wakafa. Familia za marehemu zilipigania sheria mpya, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa awe na saa 1,500, ila kwa misamaha michache kama ya waliotoka jeshini au waliosomea vyuo vikuu vya urubani. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamepita saa 1,500 muda mrefu. Ndiyo maana mjadala wa kama wingi wa saa ndio usalama haujaisha hadi leo. Lakini sheria ni sheria, na kijana wa Kisauni hawezi kuibishia.

Hata mahali ambapo sheria inaruhusu saa 200, kuna bima. Kampuni ya bima ndiyo humwambia mwenye ndege: rubani wako akiwa chini ya saa kadhaa, sikulipi ndege ikivunjika. Kwa hiyo mwenye kampuni akikwambia "rudi ukiwa na saa 500", mara nyingi si dharau. Anasoma karatasi yake ya bima.

Tena saa zenyewe si sawasawa. Waajiri huuliza: ni ngapi ulizoamrisha ndege mwenyewe? Ngapi za injini mbili? Ngapi za injini ya tabini? Chukua mfano wa Cessna Caravan, ndege tunayoiona kila siku ikitua Ukunda, Malindi na Manda. Ndege hiyo imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kijana akiketi kiti cha kulia mwaka mzima, atajifunza mengi, lakini huenda mwajiri au mamlaka ya nchi nyingine ikakataa kumhesabia saa zile. Aulize kabla ya kuketi, si baada ya mwaka.

Na wakati anasubiri, leseni inakula pesa. Cheti cha afya cha rubani wa biashara aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12, kisha apimwe tena. Kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo nacho kina mtihani wake wa kurudiwa. Kiingereza cha redioni kikiwa daraja la nne, hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Mtu aliyekaa barazani miaka miwili bila kulipia haya yote, leseni yake imekuwa picha ya ukutani.

Milango na kufuli zake

Tuanze na Ghuba, maana ndiko macho yetu yanakotazama. Tuna jamaa Maskati, tuna jamaa Dubai, na wengi wetu tunaona kama ni nyumba ya pili. Lakini undugu hauongezi saa. Mashirika makubwa ya huko yanapoajiri wageni hutaka marubani waliozoea ndege kubwa za jeti. Nafasi za kadeti, yaani za kijana anayefundishwa kuanzia sifuri kwa gharama ya shirika, hutengewa kwanza raia wao. Oman ina sera ya miaka mingi ya kuwapa Waomani kazi kwanza, na hatuwezi kuwalaumu. Nasi tungetamani mashirika yaliyopo hapa yawape watoto wetu kazi kwanza. Kuna vyuo vya urubani huko vinavyopokea wanafunzi wa nje, kikiwemo cha Emirates kilichofunguliwa Dubai mwaka 2017. Ila kulipa ada ya chuo ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine. Basi Ghuba ni mlango wa pili au wa tatu. Anayekuita huko ukiwa na saa 214, tena kwa kukulipisha, muulize mara mbili.

Ulaya kuna mashirika yanayowachukua marubani wa saa 200 moja kwa moja na kuwaweka kiti cha kulia cha Boeing au Airbus. Hili ni kweli, na ndilo huwachanganya vijana. Wasiloambiwa ni kwamba leseni ya Kenya haitoshi. Lazima uwe na leseni ya Ulaya, na kuipata unafanya mitihani 13 ya nadharia upya, upimwe afya upya na kujaribiwa angani upya. Uingereza nayo tangu Januari 2021 ina leseni yake mbali na ile ya Umoja wa Ulaya. Ukishayamaliza yote hayo kwa euro na pauni zako, unaulizwa swali la mwisho: una haki ya kuishi na kufanya kazi huku? Kama huna pasipoti yao au ndoa ya huko, mitihani yako 13 inabaki kuwa elimu.

Marekani njia ya wengi ni kuwa mkufunzi. Unamaliza leseni, unasomea ukufunzi, unafundisha wengine na kila saa ya mwanafunzi ni yako pia. Kwa mwenyeji, njia hii ni nzuri. Kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi ya aina ya F-1, muda wa kufanya kazi baada ya masomo ni mwaka mmoja. Piga hesabu: kutoka saa 250 hadi 1,500 kwa miezi 12 ni zaidi ya saa 100 kila mwezi, mvua na jua. Wachache mno wataweza. Na hata ukifika 1,500, bado unahitaji ruhusa ya kubaki nchini.

Sasa tuje karibu. Tanzania ni jirani, lugha ni moja, na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia pamoja na mbuga za kaskazini huhudumiwa na ndege ndogo nyingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wakala wa pamoja wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kanuni zao za leseni zimekaribiana sana. Lakini leseni zikifanana haina maana kibali cha kazi utapewa. Sheria ya Tanzania ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aoneshe kuwa hakupata Mtanzania wa kazi hiyo. Na anga lina siasa zake. Tunakumbuka Januari 2024, Tanzania ilipotangaza kusimamisha safari za Kenya Airways za Nairobi hadi Dar es Salaam kwa sababu ya mvutano wa ndege za mizigo, kabla ya serikali mbili kupatana upesi. Rubani mdogo ndiye wa kwanza kubanwa wakubwa wanapovutana.

Kisha kuna Maun. Wengi wetu hatujawahi kulisikia jina hili, lakini marubani wachanga wa dunia nzima wanalijua. Ni mji wa kaskazini mwa Botswana, mlangoni mwa delta ya Okavango. Maji ya mvua za Angola hufika huko katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi, yakafurika na kuzitenga kambi za watalii. Kwa hiyo wageni, chakula na wafanyakazi huingizwa kwa ndege ndogo, Cessna 206, Airvan na Caravan, zinazotua kwenye viwanja vya mchanga. Safari ni fupi na ni nyingi kwa siku, na rubani yuko peke yake, ndiye nahodha wa chombo. Kwa mwenye saa 200 na kitu, ni mahali pachache duniani ambapo kampuni huwa tayari kumfikiria.

Nako kuna kufuli. Leseni yako lazima itambuliwe na mamlaka ya Botswana, na huwa na mtihani wa sheria zao za anga. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri, na raia wao wana haki ya kwanza. Kutuma barua pepe kutoka Mombasa aghalabu hakuleti jibu. Kampuni zinataka kumwona mtu: kijana hufika mwenyewe kabla ya msimu mkubwa wa watalii unaoanza kama Juni, hupeleka wasifu mlango kwa mlango, husalimiana na marubani wakuu, na hurudi tena wiki inayofuata. Wengine husubiri miezi. Wengine hurudi kwao mikono mitupu. Namibia jirani ina kazi za namna hiyo pia, lakini chache zaidi.

Tuseme amepata, na anaruka saa 60 kwa mwezi. Saa 1,300 zinazombakia kufikia 1,500 zitamchukua kama miezi 22, na zote ni saa alizoamrisha ndege mwenyewe. Hapo ndipo akibisha mlango wa Ghuba au wa shirika letu la nyumbani atakuwa na kitu cha kuzungumza.

Mlango wa mwisho ni ule wa hatari. Kuna safari za mizigo na misaada kwenda Somalia na Sudan Kusini, na husemwa kuwa huko saa hupatikana upesi. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya mizigo kutoka Kenya, iliyobeba vifaa vya kupambana na korona, ilidunguliwa huko Bardale, Somalia, na wote 6 waliokuwemo wakafa. Kazi hizo ni za halali na zinafanywa na watu mashujaa. Lakini kijana asiyejua bado kusoma hali ya hewa na ya watu asikimbilie huko kwa sababu tu ya nambari kwenye daftari.

Njia za mkato

Palipo na foleni ndefu, hujitokeza wa kuuza nafasi. Namna ya kwanza ni wakala kama huyu wa mpwa wangu. Baharia ana nafuu: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Rubani hana mkataba wake kama huo. Kinga yake ni kuuliza. Mawakala wa ajira za nje wanatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na shirika la kweli lina tovuti yake na idara yake ya kuajiri inayojibu. Tulipomwomba wakala yule nambari yake ya usajili, alituma picha ya ndege.

Namna ya pili ni kulipa ili uruke. Kijana hulipia mafunzo ya aina moja ya ndege kubwa, makumi ya maelfu ya dola, kisha analipia na saa zenyewe, kama 300 au 500, akiketi kiti cha rubani msaidizi huku abiria wakidhani wamerushwa na mfanyakazi. Zikiisha saa alizolipia, kiti hupewa mwingine aliyelipa. Hata kukodi ndege ndogo ili ujaze saa mwenyewe ni bahari isiyo na ufuo: tuseme saa moja ni shilingi 20,000 tu, saa 300 ni milioni 6. Na kama milioni hizo ni za mkopo wa riba, tumeongeza dhambi juu ya deni.

Namna ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: kuandika saa ambazo hukuziruka. Mei 2020 ndege ya shirika la Pakistan, PIA, ilianguka Karachi na watu 97 waliokuwemo wakafa. Mwezi uliofuata waziri wa anga aliliambia bunge kuwa marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni za kutiliwa shaka. Ulaya ikaifungia PIA tangu Julai 2020, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2024. Marubani wa Pakistan waliokuwa wakifanya kazi nchi za watu, hata wale wasafi, walijikuta wakichunguzwa upya. Daftari la rubani ni amana. Uwongo wa mtu mmoja humharibia jina kila anayebeba leseni ya nchi ile, na siku ya dhoruba daftari halitaishika ndege.

Tufanye nini?

Kwa mzazi ambaye bado hajauza shamba: usiulize ada ya shule peke yake. Uliza na gharama ya miaka miwili baada ya shule: kupima afya, kuhuisha vibali, kozi ya ukufunzi, tikiti, kodi ya chumba na chakula katika mji wa kigeni bila mshahara. Kama pesa zinatosha shule tu, bado hazitoshi. Afadhali kusubiri mwaka mmoja ukaweka akiba kuliko kuanza safari ambayo utaikatiza katikati. Na uliza kila shule swali moja: katika wanafunzi wenu waliomaliza miaka mitatu iliyopita, wangapi wanaruka leo, na wapi?

Kwa kijana aliyekwisha kuhitimu: shikilia leseni iwe hai. Somea ukufunzi kama unaweza, kwani hapa nyumbani ndiyo njia ya halali ya kuongeza saa huku unalipwa, ijapokuwa ni kidogo. Usione haya kufanya kazi ya ardhini katika kampuni ya ndege, kupakia mizigo au kupanga safari, maana rubani mkuu humwajiri kwanza anayemwona kila asubuhi akija kwa wakati. Andaa barua ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ya kuthibitisha leseni yako kabla ya kuombwa na nchi nyingine.

Kwa viongozi wetu: pwani ina viwanja vya ndege Mombasa, Malindi, Ukunda na Manda, na watalii wanaokuja kwetu wanarushwa juu ya vichwa vyetu kila siku. Kaunti zetu zinatoa basari za masomo, na tunashukuru. Lakini basari inayomlipia kijana nusu ya ada ya shule na kumwacha na saa 200 barazani haijamsaidia sana. Waketi na kampuni za ndege zinazotua hapa, wakubaliane hata nafasi mbili au tatu kwa mwaka za vijana wa kuanzia. Na serikali ya taifa, inapokaa na majirani kwenye vikao vya Jumuiya, ilete hoja ya vibali vya kazi vya marubani. Leseni zetu zimekwisha kukaribiana, vibali ndivyo vilivyobaki nyuma.

Mtu ataniambia: wewe unavunja watoto moyo, rizki iko kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli rizki iko kwake. Lakini ngamia hufungwa kwanza, kisha ndiyo tawakkul. Sijamwambia kijana yeyote aache kuruka. Ninasema ajue umbali wa safari kabla ya kung'oa nanga.

Turudi Kisauni. Tuliketi hadi saa tano usiku. Wakala hakutumiwa kitu. Dada yangu aliuza bangili moja tu, ya kumhuishia kijana cheti cha afya na kumwanzishia kozi ya ukufunzi. Nyingine zimebaki sandukuni. Akijaaliwa, atafundisha mpaka msimu ujao, kisha ataelekea Maun na tikiti ya kwenda na kurudi, pesa za miezi mitatu, na daftari ambalo kila saa iliyomo ni ya kweli.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, dada aliniuliza, "Na asipopata?"

Nikamwambia atarudi nyumbani, na tutaketi tena. Angalau safari hii tutakuwa tunajua pesa zimekwenda wapi.